Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023

Imesomwa katika mkutano mkuu wa mwaka, Nairobi, Jumamosi, Desemba 9, 2023

Wanachama wenzangu, wazazi, makocha, na vijana wetu mliosimama kule mlangoni, hamjambo. Itifaki imezingatiwa.

Kabla sijaanza naomba tusimame dakika moja kumkumbuka mzee wetu wa stoo, aliyetutoka mwezi wa Machi baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wengi wenu mlimjua. Kwa mliojiunga juzi, huyu ndiye aliyetunza jezi, koni na mipira yetu tangu siku ambazo chama chetu cha raga ya vijana kilikuwa na mipira miwili na deni la mabati. Alikuwa na kaunta buku moja nene yenye jalada jeusi. Kila kijana alikuwa na mstari wake humo: jina, shule, namba ya simu ya mzazi, saizi ya kiatu, siku aliyochukua jezi na siku aliyoirudisha. Ukirudisha jezi ina tope, aliandika "chafu" na tarehe, na neno hilo halikukatwa mpaka uje uifue mwenyewe pale kwenye mfereji yeye akitazama. Familia yake iko nasi leo. Shikamoo mama, na poleni sana nyote. Ahsanteni kwa kutukabidhi kitabu kile.

Nilikisoma chote mwezi wa Agosti, ukurasa kwa ukurasa, na sehemu kubwa ya taarifa hii imetoka humo. Nilikuwa nakitafuta kitu kingine kabisa, idadi ya jezi tunazodai. Nilichokikuta ni mstari mmoja unaojirudia mwaka hadi mwaka, kwa mwandiko uleule wa mzee: "Kidato cha nne. Amerudisha vyote." Kisha tarehe, mara nyingi ya Septemba au Oktoba, kabla ya mtihani. Baada ya hapo jina hilo halionekani tena. Si ukurasa unaofuata, si mwaka unaofuata. Nilianza kuweka alama ya kalamu kwa kila aliyerudi Januari kuchukua jezi ya wakubwa. Kwa mwaka mmoja mzima, alama zangu hazikujaza vidole vya mkono mmoja.

Naomba mlishike hilo, maana sasa nakwenda uwanja wa Nyayo.

Mashindano ya Julai

Kuanzia Julai 15 hadi 30, jiji letu lilipokea mashindano ya dunia ya raga ya vijana wasiozidi umri wa miaka 20, yale ya daraja la pili, yanayoitwa U20 Trophy. Wazazi wapya wameniuliza mara kadhaa daraja la pili maana yake nini, basi nieleze kidogo. Tangu mwaka 2008 raga ya vijana duniani imekuwa na ngazi mbili. Juu kuna Championship, ambako mwaka huu wa 2023 wanakaa akina Ufaransa, Ireland, New Zealand na Afrika Kusini, jumla timu 12. Chini yake kuna Trophy, timu nane. Bingwa wa Trophy hupanda, na anayeburura mkia kule juu hushuka. Japan wameijua ngazi hiyo vizuri: wametwaa Trophy mwaka 2014, 2017 na 2019, wakapanda, wakashuka, na mwaka huu wameshuka tena. Georgia waliishinda mara moja, mwaka 2015, wakapanda na mpaka leo hawajarudi chini. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba haya ni mashindano ya waliokosa. Huu ndio mlango, na kila nchi inayotaka kuingia sebuleni hupitia hapa.

Kwa Nairobi hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2009, toleo la pili kabisa la mashindano haya, katika uwanja wa RFUEA pale Barabara ya Ngong, na Romania wakaondoka na kombe baada ya kuwafunga Marekani kwenye fainali. Wachache wetu tulikuwepo. Mimi nilikuwa mzazi tu wakati huo, nimembeba kifungua mimba wangu mabegani. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, vijana wa Chipu, timu ya Kenya ya miaka 20, waliwafunga Namibia 21-18 na kuipata nafasi ya Afrika kwa jasho lao, wakaenda Brazil. Kisha ikaja korona, na mashindano hayakuchezwa mpaka yaliporejea mwaka huu hapa kwetu.

Waliofika ni Kenya wenyeji, Zimbabwe, Samoa, Hong Kong, Marekani, Uruguay, Uhispania na Scotland. Scotland! Nchi inayocheza Six Nations, mashindano ya mataifa sita makubwa ya raga ya Ulaya, imeshuka daraja mwaka 2019, na miaka minne baadaye iko Nyayo katika baridi ya Julai kama sisi wengine. Wala hawakufika fainali. Fainali ilikuwa Uhispania na Uruguay, na Uhispania wakashinda 39-32 katika mechi ambayo sitaisahau. Ni wao watakaocheza daraja la juu mwakani.

Chama chetu hakikuwa mwandaaji, na ninalisema hilo wazi kwa sababu kuna waliodhani tulikuwa na tiketi za bure. Kazi yetu ilikuwa kuwafikisha vijana uwanjani na kuwarudisha nyumbani salama. Katika wiki ile ya maandamano tulighairi safari moja. Baadhi ya vijana walinuna, lakini wazazi walikuwa wamesema, na kamati ikawasikiliza. Ningefanya hivyohivyo tena.

Siku ya fainali tuliwapa kazi. Wazo lilikuwa la kocha wetu wa wasichana na ninampa heko mbele yenu. Kila mmoja aliokota karatasi kwenye kofia, karatasi ina namba moja ya jezi na jina la nchi. Maagizo yalikuwa mafupi: usiutazame mpira, mtazame huyu mmoja tu, dakika zote 80, na uandike anachofanya. Mnajua ilivyo vigumu kutoutazama mpira watu wote uwanjani wakiwa wamesimama. Binti mmoja wa kidato cha pili kutoka Kawangware, anayecheza namba 7 kwetu, aliokota namba 7 wa Uruguay. Alibuni alama zake mwenyewe. Mchezaji akianguka, mstari unaoshuka. Akiinuka, mstari unaopanda. Nilikuwa nimekaa ngazi moja nyuma yake. Kufikia mapumziko daftari lake lilifanana na paa la mabati lililochorwa na mtoto, juu chini, juu chini, kurasa mbili. Kipindi cha pili kalamu ikaisha wino, akaazima ya dereva wa basi. Mwishoni aligeuka akaniambia, "Mwenyekiti, huyu hata mpira ukiwa mbali hapumziki. Anatembea kwenda mahali utakapokuja."

Ukurasa huo nimeuomba na ninao. Katika mwaka mzima sijasikia mtu mzima akieleza raga vizuri kuliko hivyo.

Tulichokosa si kipaji

Baada ya mashindano nilisikia maneno mengi. Kwamba wenzetu ni wakubwa wa mwili. Kwamba sisi ni watu wa raga ya saba kila upande, hii ya 15 si damu yetu. Kwamba hatuna moyo. Nayakataa yote, na ninaomba mnisikilize kwa nini.

Uruguay ni nchi ya watu takriban milioni tatu na nusu. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 hapa Nairobi peke yake. Yaani jiji hili lina watu wengi kuliko nchi nzima iliyofika fainali mbele ya macho yetu. Wala si nchi tajiri kama wale wakubwa wa Ulaya. Lakini kijana wa Montevideo akimaliza shule akiwa na miaka 18, anajua Jumatatu anakwenda wapi. Kuna kituo cha mazoezi cha chama chao cha raga katika uwanja wa Charrúa. Juu yake kuna Peñarol, timu ya kulipwa inayocheza ligi ya bara lao, na ambayo imekuwa bingwa mwaka jana na mwaka huu. Mtoto anaiona ngazi yote kutoka chini, na hakuna kipago kilichong'oka.

Kwetu kipago kilichong'oka ni kile cha mzee wa stoo. "Amerudisha vyote."

Tazameni sheria zenyewe zinavyosema. Kwa walio chini ya miaka 19, World Rugby, shirikisho la raga duniani, imeweka mechi ya dakika 70, yaani 35 kila kipindi. Skramu yao, pale safu mbili zinaposhikana na kusukumana kugombea mpira, hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita moja na nusu. Ukizidisha, refa anapuliza na mpira unapewa wapinzani. Ni sheria nzuri, imewekwa kulinda shingo za watoto. Lakini kijana akivuka na kuingia kikosi cha miaka 20, anakuta dakika 80 na skramu isiyo na mpaka. Watu wanane wanakusukuma, wenzao wanane wanasukuma upande huu, na kama miguu yako imejifunza kwamba kazi inaisha baada ya hatua mbili, utarudishwa nyuma mpaka ushangae. Mwili hauwezi kujifunza hayo kwa wiki sita za kambi. Unahitaji mwaka, na mwaka wenyewe ni ule kati ya kumaliza kidato cha nne na kufikisha miaka ishirini. Waliostahili kucheza Julai ni waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2003. Piga hesabu: wengi wao walikuwa wametoka shule mwaka mmoja au miwili tu iliyopita. Mwaka huo wa katikati ndio mtihani wenyewe, na sisi kama chama tumekuwa tukiufungia mlango.

Nitawapa mfano mmoja na sitataja jina, maana nimemwomba ruhusa ya kusema kisa lakini si jina. Tulikuwa na propu, yule wa safu ya mbele ya skramu. Wazazi wa zamani mnamkumbuka, mrefu, mpole, akisalimia kwa mikono miwili. Kocha wa klabu moja kubwa alimtazama dakika ishirini tu na kuniambia huyu tusimpoteze. Akafanya mtihani wake, akarudisha jezi, safi, mzee akaandika. Tukaingia sikukuu. Januari tukashughulika na watoto wapya wa kidato cha kwanza. Septemba mwaka huu nilikuwa napita karibu na mjengo mmoja, nikaona mtu amebeba mfuko wa saruji begani huku akipanda ngazi ya mbao kama anayebeba mto. Nikajua ule mgongo. Nikamsubiri mpaka saa ya chakula. Tulikaa kwenye mawe tukala chapati na ndengu, na nikamuuliza kwa nini hakurudi. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alisema, "Nilingoja mnipigie simu, mwenyekiti. Nilidhani nimemaliza."

Ana miaka 21. Kwa kikosi cha miaka 20 wakati wake umepita.

Namba ya simu ya mama yake ilikuwa katika kitabu miaka yote hiyo, mwandiko safi, wino wa bluu.

Jumamosi za waliomaliza

Tulijaribu kitu mwaka huu, kidogo na kwa kuchelewa, na sitaki kukikuza kuliko kilivyokuwa. Kuanzia Februari tulifungua mazoezi ya Jumamosi kwa waliomaliza shule. Skramu kamili, dakika 80 kamili kila Jumamosi ya pili, na makocha wawili wa safu ya mbele waliokuja bila malipo. Tuligundua mapema kwamba kinachowazuia vijana si uvivu. Ni nauli na chakula. Kijana wa Mukuru au Dandora anayefanya vibarua vya siku akija kwetu Jumamosi amepoteza mshahara wa siku hiyo, na mvua ikinyesha nauli ya matatu inapanda palepale kituoni. Unamwambia anyanyue vyuma na aongeze kilo wakati jana alilala na chai kavu?

Kwa hiyo jiko likawa sehemu ya mazoezi. Akina mama wa kamati ya lishe walipika githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, mayai mawili kwa kila kichwa, ndizi na uji. Nataka mjue walikuwa wanafika saa kumi na moja alfajiri. Nimewaona wakipuliza moto na vitenge vimefunika vichwa, ukungu haujatoka uwanjani. Kufikia Mei nguo za vijana zilikuwa zimeanza kubana mabegani, na kocha wa safu ya mbele akasema skramu yetu imeacha kupiga kelele, maana yake watu wamepata pumzi ya kusukuma badala ya kulalamika.

Hayakwenda yote vizuri. Shule moja iliyotuahidi uwanja iliubatilisha uamuzi wiki moja kabla, na tukahamahama Jumamosi tano kama familia iliyofukuzwa na landilodi. Tulipoteza vijana kadhaa wakati huo kwa sababu tu hawakujua tuko wapi. Hilo lilikuwa kosa la mawasiliano, na ni la ofisi yangu.

Jambo lililonitikisa zaidi lilitokea Jumamosi moja ya mvua mwezi wa Aprili. Kijana wetu mmoja alikaba vibaya, kichwa kikagonga goti la mwenzake. Aliinuka haraka, hata akacheka, na tungeweza kabisa kuendelea. Halafu skramu ikaitwa naye akaenda kujipanga na wapinzani. Alisimama pale, amewashika mabega watu wasio wake, anangoja. Uwanja mzima ukanyamaza. Mama yetu wa huduma ya kwanza, ambaye ni muuguzi wa kazi, aliingia bila kungoja refa, akamshika mkono na kumtoa. Baba yake akashuka kutoka jukwaani akipiga kelele, maana siku ile kulikuwa na watu wa klabu waliokuja kutazama vijana. Alisema tunamharibia mtoto nafasi. Mama yule hakumjibu kwa sauti. Alimwambia, "Baba, muulize leo ni siku gani." Baba akamuuliza. Kijana akafikiri kwa muda mrefu, akasema Jumatano.

Baba yule yuko hapa leo, naye ndiye aliyeniomba nisimulie. Kwa ngazi kama yetu sheria ni ileile duniani kote: ukishuku kichwa kimeumia, mchezaji anatoka na harudi siku hiyo, hata akikuapia. Kilichofuata hakikupendeza. Hospitali ya kwanza tuliyofika ilitaka kwanza amana kabla ya kumtazama, na tukapoteza karibu saa nzima tukichangishana kwa M-Pesa kwenye varanda. Ya pili ilimpokea vizuri. Alipumzika kwa wiki zote alizoagizwa na daktari na amerudi salama. Tangu siku hiyo muuguzi wetu anatunza akiba ya dharura kwenye simu yake, na hakuna mechi inayoanza kabla hajatuonyesha salio. Kamati iliupitisha uamuzi huo kwa sauti moja, na ninaomba mkutano huu uuthibitishe ili asije mwenyekiti mwingine akauondoa.

Wasichana

Mashindano ya Julai yalikuwa ya wavulana, na kwa ngazi ile ya miaka 20 wasichana hawana mashindano yao ya dunia. Sioni sababu ya sisi kungoja. Binti wa namba 7 ana miaka 16 na anausoma mchezo kuliko kaka zake wote. Mazoezi ya waliomaliza yatakuwa ya wote, kwa ratiba moja na chakula kimoja. Kamati ya wasichana itawasilisha mpango wake yenyewe baada ya chai, nami sitaki kusema kwa niaba yao.

Fedha

Mweka hazina atasoma hesabu zilizokaguliwa, na nakala mnazo mkononi. Hatuna deni. Ninachowaletea ni ombi. Kwa miaka mingi fungu letu kubwa kuliko yote limekuwa ziara ya Desemba. Watoto wanakwenda Mombasa au Kisumu, wanacheza mechi mbili, wanapiga picha, wanarudi. Ni furaha ya kweli na mimi mwenyewe nimewahi kulia kituo cha basi nikiwapokea. Lakini tunazitumia pesa nyingi kuliko zote kwa watoto walio salama shuleni, na karibu hatutumii chochote kwa yule aliyetoka shuleni Novemba na hana pa kwenda Januari. Kamati inapendekeza ziara ifanyike mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na fungu la mwaka wa mapumziko liende lote kwenye nauli, chakula na bima ya waliomaliza shule.

Najua kuna wanaopinga. Mmoja wenu aliniambia kwa uchungu kwamba ziara ndiyo inayomfanya mwanawe asome. Nimelipima neno hilo siku nyingi. Bado naomba kura ya ndiyo, kwa sababu mwanawe huyo naye atamaliza kidato cha nne siku moja, na nataka akute mlango uko wazi.

Vyeti

Hili ni dogo lakini limewakosesha vijana nafasi. Mwakani wanaostahili kikosi cha miaka 20 ni waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2004. Kuitwa kambini si maneno tu. Lazima umri uthibitishwe, na safari ya nje inataka pasipoti. Tunao vijana ambao jina la cheti cha kuzaliwa si lile la kitambulisho, au baba ameandikwa kwa jina moja hapa na kwa majina mawili kule. Wazazi, tafadhali fungueni yale mabahasha mnayoweka chini ya godoro. Mkiona tofauti, anzeni kushughulikia marekebisho sasa hivi kabla ya mtoto kuitwa, kwa sababu karatasi hizo haziharakishwi na kelele za mtu yeyote. Katibu wetu msaidizi atakaa ofisini kila Jumatano alasiri kuwasaidia kujaza maombi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Januari

Mtihani wa kidato cha nne umekwisha mwezi uliopita. Wiki iliyotangulia mtihani vijana wetu walirudisha jezi zao, na kwa kuwa mzee hayupo, niliziandika mimi katika kitabu kilekile, chini ya mstari wake wa mwisho. Sikuandika "amerudisha vyote." Niliandika tarehe ya kurudi: Jumamosi, Januari 6, 2024, saa mbili asubuhi. Kila mmoja aliweka sahihi mbele ya tarehe hiyo.

Sahihi pekee haitoshi. Sikukuu ni ndefu, na Januari kuna ndugu anayemwita mtu Eldoret kumsaidia dukani. Kwa hiyo nimenakili majina na namba zote, za mwaka huu na za miaka miwili iliyopita kwa wale ambao umri wao bado unaruhusu. Nimezigawa katika karatasi, majina matatu kila karatasi. Ziko kwenye meza ya chai, upande wa kushoto wa birika. Kila mwanachama achukue moja, apige simu kabla ya Krismasi, na aandike nyuma ya karatasi alichoambiwa, hata kama ni "hapatikani." Tutazipokea mazoezini siku ileile ya Januari.

Rafiki yangu wa mjengo ameomba karatasi mbili. Atakuwa nasi Jumamosi hiyo pia, amepata ruhusa kwa msimamizi wake, na kocha wa safu ya mbele amekubali afundishe kushikana na kuingia kwenye skramu. Viatu vyake ni saizi 13. Kama kuna mzazi mwenye jozi ya ukubwa huo nyumbani, tafadhali anione.

Mwenyekiti